Nani Humsimamia Muuza Magari? Utangulizi kwa Msomaji Mgeni

Barabara inayotoka Uyole jijini Mbeya, ikapita Tukuyu, kisha ikateremka Kyela mpaka mpakani Kasumulu, ni darasa zuri la somo ninalotaka kukufungulia. Hapo hupita magari yaliyoshushwa bandarini Dar es Salaam yakielekea Malawi, kwenye kioo yamebandikwa herufi IT, alama ya gari linalokatiza nchi yetu tu. Nyuma yake inakuja Noah iliyojaa abiria na mikungu ya ndizi, ambayo pengine imeshauzwa mara tatu au nne humu humu nchini. Kando ya barabara imeegeshwa Toyota IST, kwenye dirisha kuna kipande cha boksi kimeandikwa INAUZWA na namba ya simu. Magari hayo matatu yanaweza kuwa yametoka kwenye mnada mmoja Japani. Mbele ya sheria, hata hivyo, kila moja lina hadhi yake, na wanaoyauza hawasimamiwi kwa namna moja. Kuna ambaye karibu hasimamiwi kabisa.

Karibu sana katika somo la usimamizi wa biashara ya magari yaliyotumika. Kwa usimamizi nina maana ya kanuni ambazo dola huweka kuamua nani aruhusiwe kuuza, auze kitu cha namna gani, na mnunuzi akidanganywa aende wapi. Somo hili halina kitivo chake chuoni. Sehemu yake moja iko kwa wanasheria, nyingine kwa wachumi, nyingine kwa watu wa kodi, na kipande kikubwa kiko kichwani mwa fundi wa gereji ambaye hajawahi kuulizwa. Ndiyo maana linamfaa mgeni: huhitaji shahada ili uanze, unahitaji udadisi na kadi moja ya gari ya kusomea.

Huenda unajiuliza, mkulima wa Suma, huku wilayani Rungwe, anayetaka kigari cha kupeleka ndizi na viazi sokoni ana haja gani na nadharia? Anayo. Kwa familia nyingi za Rungwe, baada ya shamba na nyumba, hakuna ununuzi mkubwa kuliko gari, tena hufanywa kwa fedha taslimu, mara moja, na mtu ambaye huenda wasionane naye tena. Anayejua dola imeweka jicho wapi, na wapi haikuliweka, atajua yeye mwenyewe aangalie wapi.

Tuanze na swali la msingi: kwa nini dola iingilie kati mauziano ya watu wawili wazima wenye akili zao? Mwaka 1970 mchumi Mmarekani, George Akerlof, alichapisha makala fupi iliyotumia soko la magari yaliyotumika kujibu swali hilo. Majarida matatu yalikuwa yameikataa kabla ya la nne kuipokea, na mwaka 2001 ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake unaweza kuielewa ukiwa umesimama barabarani. Muuzaji ameliendesha gari miaka mitano, anajua gia inavyokwama asubuhi na injini inavyokula oili. Mnunuzi anaona rangi na viti. Hali hiyo, ya upande mmoja kujua jambo la msingi ambalo upande wa pili hauwezi kulijua kwa urahisi, wachumi huiita tofauti ya taarifa. Mfugaji wa Rungwe analifahamu jambo hili bila makala: anayeuza ng'ombe wa maziwa anajua kama hupiga teke akikamuliwa, anayenunua atajua kesho yake alfajiri.

Akerlof aliona zaidi ya hapo. Chukua mfano wa kubuni. Gari zima lina thamani ya milioni kumi, bovu milioni sita, na kwa macho yanafanana. Mnunuzi mwenye busara hatatoa kumi. Atakisia katikati, aseme nane. Mwenye gari zima anasikia nane, anakasirika, anarudi nalo nyumbani. Mwenye bovu anasikia nane, anafurahi. Baada ya muda magari yanayobaki sokoni ni mabovu, wanunuzi wanagundua, bei inashuka tena, na hata muuzaji mkweli hana njia ya kuaminika. Kwa hiyo uongo wa wachache haumuumizi mnunuzi peke yake, unaliua soko zima. Hapa ndipo dola inapata sababu ya kuingia, na ukilishika jambo hili moja umeshavuka nusu ya somo.

Dola inaweza kuingia kwa milango mitatu, na wageni wengi huichanganya. Inaweza kumsimamia mtu anayeuza: hapa chombo chake ni leseni, yaani ruhusa inayotolewa kwa masharti na inayoweza kunyang'anywa. Inaweza kulisimamia gari lenyewe kwa ukaguzi, yaani mtaalamu asiye na maslahi kulipima dhidi ya viwango vilivyoandikwa. Au inaweza kusimamia karatasi: usajili, ambao ni kumbukumbu rasmi ya kwamba gari hili lipo na mwenyewe ni fulani. Leseni inazungumza juu ya muuzaji, usajili juu ya umiliki, ukaguzi juu ya chuma. Gari linaweza kuwa na karatasi safi na breki mbovu. Muuzaji anaweza kuwa na leseni iliyotundikwa ukutani na akakuuzia gari la wizi.

Nchi huchagua mlango wa kuukazia. Marekani huukazia wa kwanza. Majimbo yake humtaka mfanyabiashara wa magari awe na leseni maalumu ya kazi hiyo, na mengi humdai pia dhamana, yaani ahadi ya kampuni ya tatu kwamba akiwadhulumu wateja kuna fungu la kuwalipa. Juu ya hapo, tangu 1985 kanuni ya serikali kuu inamlazimu abandike dirishani karatasi inayosema kama gari lina udhamini au linauzwa jinsi lilivyo. Japani, yanakotoka mengi ya magari yetu, ina sheria ya mwaka 1949 ya biashara ya vitu vilivyotumika. Anayenunua na kuuza magari ya mkononi huko huomba kibali kwa tume ya usalama wa umma ya mkoa wake, na maombi hupitia polisi. Shabaha ya awali ilikuwa kuzuia mali ya wizi isigeuzwe fedha. Kwa hiyo ile IST ya kando ya barabara ilizaliwa katika nchi ambayo kila mkono wa biashara ulioigusa ulijulikana polisi. Kenya nayo imeukazia mlango wa pili kwa kukataa magari yaliyozidi miaka minane kuingizwa, na Uganda mwaka 2018 ikaweka ukomo wa miaka kumi na mitano.

Na Tanzania? Kwa maoni yangu hili ndilo jambo tamu kuliko yote katika somo hili: usimamizi wetu ulizaliwa forodhani. Umekaza karatasi, umejaribu kulikagua gari, na mtu anayeuza umemwacha na leseni ya kawaida ya biashara. Tuna bodi ya kuwasajili wakandarasi na baraza la wafamasia. Hatuna bodi ya wauza magari.

Ili uelewe kwa nini, tazama tarehe. Sheria ya Leseni za Biashara ni ya 1972. Sheria ya Kodi ya Usajili na Uhamisho wa Magari ni ya 1972 pia. Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa 1973. Nguzo tatu ndani ya miaka miwili, na zote ziliwekwa wakati ambapo gari jipya lilikuwa likipitia mikononi mwa serikali. Katika miaka hiyo ya 1970 uagizaji wa magari ulikuwa chini ya shirika la umma, State Motor Corporation. Muuzaji mkuu akiwa ni dola yenyewe, nani angetunga sheria ya kumdhibiti muuzaji? Kisha ikaja bajeti ya 1984, iliyowaruhusu wananchi kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuhojiwa walizipataje. Mlango ukafunguka, na miaka iliyofuata ikaleta mitumba ya kila aina, magari yakiwemo. Yadi, yaani uwanja wa wazi ambapo magari hupangwa yakisubiri wateja, ikawa kitu cha kawaida mjini. Sheria zilirekebishwa mara nyingi tangu hapo, hasa upande wa kodi. Umbo lake lilibaki lile la enzi ambayo mwenye yadi hakuwepo.

Sasa tuingie mlango kwa mlango, tukianza na ule dhaifu. Anayetaka kuuza magari hapa anahitaji namba ya mlipakodi, yaani TIN, na leseni ya biashara. Leseni ziko makundi mawili. Za kundi A, ambamo zimo biashara za kuagiza na kuuza nje, hutolewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Za kundi B hutolewa na halmashauri, kwa hapa Tukuyu ni Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe. Ukiuziwa unapaswa kupewa risiti ya mashine ya EFD, ile inayotuma taarifa za mauzo kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Hayo yote ni muhimu, lakini hakuna mahali muuzaji anapoulizwa kama anajua gari, au kama aliwahi kuchezea kilomita za gari. Ofisa wa leseni anamtazama kama anavyomtazama mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Najua utakachouliza: si kuna LATRA, na trafiki? LATRA husimamia usafiri wa abiria na mizigo. Hiyo Noah ikibeba abiria inahitaji leseni yake, lakini aliyeiuza Noah hamhusu. Trafiki husimamia uendeshaji na uzima wa gari barabarani. Wote wawili hukutana na gari baada ya wewe kulipa.

Mlango wa pili, wa chuma, uko imara kidogo. Shirika la Viwango, TBS, lilianza mwaka 2012 mpango wa kutaka bidhaa, magari yaliyotumika yakiwemo, zithibitishwe huko huko zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Baadaye utaratibu umebadilika. Upo wakati ukaguzi wa magari ulihamishiwa Dar es Salaam gari likishafika. Mabishano juu ya jambo hili yana maana. Ukikagua Japani, gari bovu linabaki huko. Ukikagua bandarini, gari bovu limeshafika na mwenyewe ameshalipa nauli ya meli, na huruma huanza kuingia. Kwa upande mwingine, kukagua nyumbani kunabakiza ada na ujuzi nchini. Kuhusu umri hatukuchagua katazo kama Kenya. Tulichagua tozo ya uchakavu, ushuru unaoongezeka gari likizeeka. Gari dogo la miaka minane hadi kumi hutozwa asilimia 15 zaidi, na lililozidi kumi asilimia 30. Angalia jinsi forodha inavyosema hata hapa: uzee wa gari, ambao ni suala la usalama na moshi, umegeuzwa suala la bei.

Ukaguzi huo wa TBS hufanywa gari likiingia. Likishapata namba, mauzo ya pili, ya tatu na ya nne hayapiti kwake tena. Hapo watu wamejitungia kipimo chao, na ukikaa na madalali utakisikia kabla hujamaliza chai: "Ni namba D hiyo, bado mbichi." Wanasoma herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye namba ya usajili. Kwa kuwa herufi hizo hutolewa kwa mfuatano, gari lenye D lilisajiliwa baada ya lenye C, na lenye E baada ya lenye D. Ni kipimo cha kijanja ila kinapima jambo jingine, yaani gari limekaa nchini muda gani, si lilitengenezwa lini wala limetunzwaje. Gari la 2003 likiingia juzi lina namba mbichi na mifupa ya zamani. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi, usome huko.

Tumefika mlango wa tatu, ambako nitakaa zaidi kwa sababu ndiko dola yetu ina nguvu na ndiko mgeni anaweza kujifunza haraka. Kila gari lina kadi, cheti cha usajili kinachotolewa na TRA, chenye jina la mwenye gari, namba ya injini na namba ya chesisi. Chesisi ni fremu au mwili wa gari, na namba yake imegongwa kwenye chuma, kwa hiyo ndiyo kitambulisho cha kweli. Bamba la namba linafunguliwa kwa bisibisi. Somo la kwanza kwa vitendo ni kuinama na kulinganisha namba ya chumani na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Watu huona haya kuinama mbele ya muuzaji. Usione haya.

Nyuma ya kadi kuna kanuni kongwe ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliyorithi kutoka sheria ya Uingereza ya 1893: mtu hawezi kuhamisha haki asiyokuwa nayo. Aliyeiba gari hana umiliki, hivyo hata akikuuzia kwa bei kamili, mbele ya wakili na mashahidi, kwa kawaida hujapata kitu. Yale magari ya IT nayo yana mtego wa karatasi, ingawa chanzo chake ni sheria nyingine. Gari la safari limeingia bila kulipiwa kodi za hapa, kwa ahadi kwamba litatoka Kasumulu au Tunduma. Likiuzwa njiani, mnunuzi amenunua mali ambayo sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inairuhusu serikali kuitaifisha, hata bei ingekuwa tamu kiasi gani.

Kuna mtego mwingine wa karatasi ambao umekua karibuni: mkopo wa kadi ya gari. Mkopeshaji hushika kadi kama dhamana na mkopaji akabaki na gari, akiendelea kuliendesha kama kawaida. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwaweka wakopeshaji hawa chini ya leseni, jambo jema. Kwa mnunuzi, fundisho ni kwamba muuzaji anayesema kadi "iko kwa shemeji Mbeya" na anayekuonyesha picha yake kwenye simu hajakuonyesha kadi. Kabla ya kutoa hata kishika uchumba, ile fedha ndogo ya kuzuia gari lisiuzwe kwa mwingine, omba kadi yenyewe mkononi. Angalia pia kwenye mfumo wa polisi kama namba ile ina madeni ya faini. Na mkishaandikishana mkataba wa mauziano, kamilisheni uhamisho wa umiliki TRA. Hapa muuzaji ndiye huzembea, akidhani amemaliza akishapokea fedha, kumbe faini na maswali ya polisi yataendelea kumfuata yeye ambaye jina lake limo kwenye kumbukumbu.

Sasa jambo gumu kidogo, twende polepole. Umenunua, karatasi ni safi, wiki ya pili injini imekufa kwenye mteremko wa Igawilo. Kwenye risiti pameandikwa maneno unayoyajua: mali ikishauzwa hairudishwi. Je, basi? Sheria ile ya mauzo inasema kwamba anayenunua kwa maelezo kutoka kwa mtu anayeshughulika na bidhaa za aina hiyo analindwa na sharti linalohesabiwa kuwamo mkatabani hata lisipoandikwa: bidhaa iwe na ubora wa kuuzika, yaani ifae kwa kazi ambayo vitu vya aina yake hununuliwa kufanya. Tazama maneno "anayeshughulika na bidhaa za aina hiyo". Mwenye yadi yumo. Mwalimu anayeuza gari lake moja hayumo. Hapo leseni dhaifu ya biashara niliyoisema inapata kazi ambayo haikutungiwa, kwani ni ushahidi kwamba aliyekuuzia hufanya biashara hiyo. Ipo na ngazi ya pili: ukilikagua gari kabla ya kununua, ulinzi huo hauhusu kasoro ambazo ukaguzi wako ulipaswa kuziona. Wanafunzi hushtuka hapa, wakadhani ni afadhali kutokagua. Hapana. Kesi mahakamani ni ndefu na fundi mzuri ni wa saa moja. Mlete fundi, na kasoro anazoziona ziandikwe. Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, nayo inakataza mfanyabiashara kuwapotosha wateja, na ina sehemu nzima juu ya mikataba ya walaji. Kuandika tu kwamba mali hairudi hakufuti yote hayo.

Anabaki mtu mmoja ambaye sijamweka popote, dalali. Hana yadi, mara nyingi hana leseni, gari si lake. Ana simu na mdomo, na riziki yake ni cha juu, tofauti kati ya bei ya mwenye gari na bei atakayokubali mnunuzi. Kwa lugha ya sheria yeye ni wakala, mtu anayetenda kwa niaba ya mwingine, na maneno yake yanaweza kumfunga aliyemtuma. Katika miji ya ukubwa wa Tukuyu, ambako hakuna yadi kubwa za kujazana, dalali ndiye soko lenyewe. Usimamizi wowote usiomgusa yeye unasimamia Dar es Salaam tu.

Hapa ndipo wasomi wa somo hili hubishana, nami nakukaribisha ubishane. Wapo wanaotaka tuige Marekani: bodi, leseni maalumu, dhamana ya fedha. Mimi nasita. Dhamana kubwa itawafaa wenye yadi za mjini na kuwasukuma madalali wa wilayani gizani zaidi kuliko walipo. Naelemea upande wa hatua ndogo: dalali aandikishwe halmashauri kwa ada ya chini, na kila anayeuza kwa biashara awajibike kuandika, kwa sahihi yake, mwaka wa gari, kilomita anazozijua na ajali anazozifahamu. Dalali mmoja wa hapa mjini niliyemweleza wazo hili alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: akiandika ukweli yeye peke yake, na wenzake watano wasiandike, mteja atakwenda kwa nani?